Watu Wangu wa Makumbi na Waya

Jumatatu, 8 Aprili

Mwalimu Fridah ametugawia madaftari leo kwenye darasa letu la gumbaru, la watu wazima. Amesema kila mtu aandike siku zake, kuanzia mvua hii ya kwanza mpaka mahindi yavunwe.

Nikamwuliza, "Na nikiandika matusi?"

"Andika, mama. Mimi sitasoma. Nitahesabu kurasa tu."

Basi tumeelewana. Fridah ni mtoto wa Machakos, Kiswahili chake kina mawe ndani, lakini ndiye aliyenifundisha kusoma nikiwa na miaka sabini na kitu. Mtu asimguse mbele yangu.

Mimi ni Mekalama, mamake Kalama, wa hapa Ganda. Shule sikwenda. Baba alikuwa na ng'ombe wanne na mabinti watano, akaona ng'ombe ndio wanaohitaji mtu. Herufi ya kwanza nimeiandika mwaka jana, na nilihangaika nayo kuliko siku niliyozaa.

Mvua imeanza saa nane mchana. Paa linavuja palepale pa mwaka jana.

Jumatano, 10 Aprili

Nimepanda mahindi, mistari kumi na minne. Mgongo umenitukana siku nzima.

Jumapili, 14 Aprili

Mvua imenifungia ndani na watu wangu. Niwataje, maana daftari halijawaona.

Wa kwanza ni marehemu mume wangu, Ngowa. Alipokufa nilibaki na shati lake la shamba. Kulivaa siwezi, kulitupa siwezi. Wazee wakubwa wa kwetu huchongewa kigango, mti wa kuzisimamisha roho zao. Ngowa hakuwa mtu mkubwa, hakuchongewa hata kijiti. Basi nikachukua waya wa kufungia, nikaupinda kama mgongo wake ulivyokuwa umepinda, nikaujaza makumbi ya nazi, nikamvika lile shati na kumkalisha mlangoni anatazama njia. Siku ile nililia kuliko siku ya mazishi.

Tangu hapo sijaacha. Ngozi yao ni kilifu, kile kitambaa kinachojisuka chenyewe kwenye mnazi. Vichwa ni vifuu, nywele ni katani, nyayo ni patapata zilizokatika kamba. Sasa wako tisa. Si midoli, na wala siwaabudu, kama anavyodhani mhubiri mmoja wa huku. Kila mmoja ni jambo lililompata mtu. Yuko mwanamke anayengoja simu ya mwanawe wa Saudia. Yuko mzee aliyeuza shamba na sasa haonyeshi mikono yake. Watu huniletea wenyewe vitambaa vyao. "Mekalama, nitengeneze na mimi."

Rafiki yangu Kabibi nilimtengeneza akicheka. Alipojiona alinuna.

"Mbona umenipa meno matatu?"

"Unayo mangapi?"

"Manne!"

"La nne nimeliona linatikisika. Sikutaka kukudanganya."

Siku mbili hakusema nami. Siku ya tatu alirudi kujiangalia, akaleta na majirani.

Jumanne, 23 Aprili

Mvua. Kuku wamekalia kitanda, mimi nimekalia ndoo.

Alhamisi, 2 Mei

Leo naandika mengi na kalamu imetoboa karatasi mara mbili.

Idah ni mke wa Mwaringa, na Mwaringa ni mtoto wa marehemu shemeji yangu. Nyumba yao iko ng'ambo ya mahindi yangu. Idah ni binti wa Matsangoni, mpole, ameolewa mwaka wa pili huu. Asubuhi kaingia bila hodi, amelowa, akakaa sakafuni kama mzigo ulioshushwa.

"Mama mkubwa, mimba imetoka."

Ilikuwa ya miezi minne. Imetoka Jumatatu. Kaenda hospitali peke yake kwa bodaboda, wamemsafisha, karudi peke yake. Nikampikia uji, nikamwosha miguu. Shingo yake niliiona, ina alama za vidole.

Alipomaliza uji akasema mwenyewe. Mwaringa alimpiga teke. Ati chai ilikuwa baridi.

Nikasimama. Nikatafuta panga langu, nalo lilikuwa shambani, ikawa heri. Nikamwambia twende kwa chifu, twende kwenu, twende popote upatakapo.

"La, mama mkubwa. Kasema nikimwambia mtu ataniua. Niapie hutamwambia yeyote. Hata Kalama."

Kumwapia sikutaka. Lakini alinishika mikono kama mtu anayezama, nikamwapia. Naandika hapa kwa kuwa kuandika si kusema, na Fridah anahesabu kurasa tu.

Kisha akafungua furushi lake, akatoa upande mmoja wa doti ya leso, nyekundu iliyoiva, na maua meupe.

"Nitengeneze. Tangu Jumatatu nimeshindwa kulia. Labda huyo ataweza."

Jumatatu, 6 Mei

Siku nne nahangaika na mikono ya Idah. Mwili umekaa vizuri: amepiga magoti, shingo imeinama. Uso sikumpa, kifuu ni laini kitupu, ili asijulikane. Lakini ile mikono! Nikiijaza makumbi, inaonekana amebeba kitu. Nikiiacha mitupu, inaonekana anaomba chakula. Nataka ionekane imebeba kisichokuwapo. Hilo waya haulijui.

Leo nimepata. Nimepika wanga wa muhogo mwepesi, nikalowesha leso, nikaiviringisha juu ya jiwe dogo la kusagia kama mtoto anavyofunikwa. Jua halipo, nikaikausha kwa moto wa jiko, taratibu. Ilipokakamaa nikatoa jiwe. Leso ikabaki na umbo la kitu kilichoondoka. Nikamwekea mikononi.

Idah alipopita kuchota maji nilimwita. Alisimama mlangoni, ndoo mkononi. Akalia mpaka akakaa chini. Nami nikamwacha alie, sikumwambia nyamaza. Wanawake tumenyamazishwa vya kutosha.

Ijumaa, 17 Mei

Palizi. Fridah kanitembelea, kamwona huyu mpya, kamzunguka mara mbili polepole. Anasema kuna ukumbi Kilifi mjini utakaofanya maonyesho mwezi wa nane. Anataka kuwapeleka watu wangu.

"Wataulizwa nauli?" nikamwuliza.

"Watasafiri bure, mama."

"Basi wana bahati kuliko mimi."

Jumamosi, 25 Mei

Mwaringa kaja kuazima jembe. Kaingia, kamwona yule mwanamke. Kwanza alitabasamu, kisha tabasamu likaanguka.

"Hiyo leso ni ya mke wangu. Nimeinunua mwenyewe Malindi sokoni."

"Ni kweli."

"Nguo ya mke wangu inafanya nini mwilini mwa lidude lako?"

"Kaniletea mwenyewe."

"Mwongo! Umeichukua ukamfungia kizazi ndani yake! Sasa nimejua mimba ilikokwenda."

Niliona macho yake. Haamini neno hata moja analolisema. Watu wameanza kumwuliza mimba ilitokaje, naye alikuwa anatafuta pa kuutua mzigo. Leo kapata kichwa cha kuubeba, nacho ni cheupe.

Kosa ni langu nusu. Nguo ya mtu kwenye umbo la mtu, huku kwetu? Mtoto wa miaka sita angenionya. Nilizoea kuletewa vitambaa kwa kicheko, nikasahau tunakoishi.

Jembe aliondoka nalo.

Jumanne, 28 Mei

Kisimani wamenipisha wote. Nimechota haraka. Faida ndogo.

Jumapili, 2 Juni

Nimepata barua. Imewekwa chini ya mlango, imeandikwa kwa herufi kubwa: MCHAWI HAMA KABLA YA MAVUNO AU TUTAKUCHOMA NA MIDOLI YAKO.

Ni barua ya kwanza kuandikiwa maishani mwangu. Miaka sabini hakuna aliyeniandikia hata salamu, na leo naweza kusoma, ona nilicholetewa. Niliisoma mara tatu, ya tatu kwa sauti. Kisha nilifunga mlango mchana kweupe, nikauegemezea kitanda. Naandika na hilo, nisijifanye chuma.

Mwaka juzi, si mbali na hapa, walimkata mzee mmoja akilisha mbuzi wake. Kosa lake mvi. Shamba lake sasa linalimwa na wapwa zake. Kila mtu anajua na kila mtu anaamkuana nao.

Jioni nilichukua gundi. Nimeanza mtu mpya, mwanamke mzee, mimi mwenyewe. Barua nimeibandika kifuani pake, maandishi nje.

Jumamosi, 8 Juni

Kalama kaja kutoka mjini, Malindi, anakofanya kazi ya mabomba. Shikamoo yake haikuwa na nguvu. Akatoa mfukoni pakiti ya piko, ile rangi nyeusi ya nywele.

"Mama, paka. Wazee wote wanapaka. Hata Kabibi anapaka."

"Kabibi anapaka kwa sababu anaogopa."

"Na wewe uogope! Mimi nataka mama aliye hai, sitaki mama shujaa. Au njoo ukae nami na mke wangu mjini. Damaris ameshakutengea chumba."

"Nikiondoka, watasema nini?"

"Watasema uliondoka."

"Watasema ilikuwa kweli. Kisha atafuata Kabibi, na kisha mwingine. Mvi hizi, Kalama, nimezipata kwa kukulea wewe na ndugu zako watano. Siwezi kuzificha kama nimeziiba."

Alikasirika akatoka nje. Nikadhani ameondoka, nikamwita mwoga moyoni. Baadaye nikasikia nyundo: yuko juu ya paa, anaziba panapovuja, mvua inamnyeshea, analia na misumari mdomoni. Nilimwekea chai.

Jumatano, 12 Juni

Kabibi kaja kumdai mtu wake.

"Nirudishie, mwenzangu. Watoto wangu hawataki nguo yangu ikae humu."

"Mchukue. Lakini mbebe kwa mikono yako, mchana huu, upite njia kubwa."

Alimnyanyua. Wakatazamana, Kabibi na Kabibi, mmoja anacheka. Akamrudisha chini polepole, akatoka bila kuaga. Miaka hamsini tumekula sahani moja.

Jumatano, 19 Juni

Mvua.

Alhamisi, 27 Juni

Leo nimeitwa barazani kwa mzee wa kijiji, Kiponda, chini ya turubai kwa sababu ya mvua. Watu walijaa kama wa harusi. Kalama alikuja, akakaa karibu nami kabisa, bega kwa bega. Fridah alikuja na buti zake za tope. Idah alikaa nyuma ya mumewe, kichwa chini.

Mwaringa alikuja na upande wa pili wa leso. Akauinua watu waone maua, akasema, "Upande mwingine uko kwa mchawi." Akasema nilitengeneza lile umbo kwanza, mimba ikatoka baadaye. Watu wakaguna. Akataka nilichome kwa mkono wangu, kisha nihame.

Kiponda akaniuliza, "Umesikia, Mekalama?"

"Nimesikia. Mimba ilitoka kwanza. Mimi nilimtengeneza baadaye."

"Una ushahidi?"

Hapo Fridah akainuka. Masikini, alidhani ananiokoa. "Mzee, mama huyu anaandika siku zake, na tarehe. Daftari analo mfukoni mwake. Asome siku ile."

Watu wakacheka, Mekalama anaandika! Kiponda hakucheka. "Soma basi. Ukimaliza, mwalimu naye asome tuhakikishe."

Nikatoa daftari. Nikafungua tarehe mbili Mei. Jambo lilikuwa pale, lote, hata nilipotoboa karatasi. Tarehe, Jumatatu, hospitali. Na lile teke, na kile kiapo. Ukurasa mmoja, na mimi ningeamka kitandani kwangu salama. Nikainua macho. Idah alikuwa ananitazama kama mbuzi anavyokitazama kisu.

Nikalifunga.

"Sisomi."

"Kwa nini?"

"Daftari ni langu. Mlinichelewesha miaka sabini kulipata, mnaweza kungoja kidogo."

Kelele zikawa kelele. Kalama akaninong'oneza, "Mama, soma, nakuomba." Nikalirudisha daftari mfukoni. Mwaringa akaona nimejifunga mwenyewe, akapata nguvu. Akapiga kifua. "Basi na ale kiraho! Ale papai, tuone koo lake!"

Kiraho ni kiapo chetu cha zamani. Mwenye kiraho huchoma papai kwa sindano, akalitamkia maneno, ukala. Ndani ya siku saba mwenye hatia huvimba mdomo na koo mpaka akiri. Wengine hawaamini tena. Lakini Mwaringa namjua tangu hajaota meno: anaogopa kiraho kuliko polisi. Alilitaja kwa hasira bila kufikiri, na mimi nikaliona limetoka mdomoni mwake kama kuku aliyetoroka bandani.

Nikasimama. "Nitakula."

Kalama akashika kichwa.

"Nitakula, Jumamosi ijayo, mbele yenu wote. Lakini kiraho hula wawili, anayeshtaki na anayeshtakiwa. Ndivyo, Kiponda, au nakosea?"

"Ndivyo," Kiponda akasema.

"Na maneno yawe haya: limshike koo aliyesababisha mimba ya Idah itoke. Msinitaje, msimtaje mchawi. Aliyeisababisha, awe nani."

Nilimtazama Mwaringa nikisema hivyo. Akaanza kuikunja ile leso, akaikunja mpaka ikatosha kiganjani.

"Ni haki," Kiponda akasema. "Mtakula wote wawili."

Ijumaa, 28 Juni

Nimewatoa watu wangu wote kumi nje barazani, chini ya paa alilolitengeneza Kalama, wamekaa wanatazama njia kubwa. Wa kumi na moja ni mimi wa makumbi, barua kifuani, nimekaa katikati. Atakayetaka kuchoma aje mchana, atukute tumekaa.

Jumatatu, 1 Julai

Watoto wa shule walisimama njiani kuwatazama. Mmoja akamnyooshea kidole yule wa leso, akaniita bibi kwa lugha ya kwetu, "Hawe, huyu kapoteza nini?" Nikamwambia, "Wewe unaonaje?" Akafikiri, akasema, "Mtoto." Watu wazima mwezi mzima wameona uchawi.

Jumamosi, 6 Julai

Mvua imetupumzisha leo, ardhi inanuka vizuri.

Walijaa tena. Mwenye kiraho ni mzee mdogo wa mwili, mwenye adabu, aliniamkia vizuri kuliko majirani wangu. Kabla hajaanza nikaona kigoda kinawekwa upande wangu wa kushoto. Ni Kabibi. Kichwa chake kimenyolewa nywele zote za piko, na chini zinachipua nyeupe kama unga.

"Unaonekana kama yai," nikamwambia.

"Nyamaza ule papai lako."

Papai likachomwa sindano, likatamkiwa maneno niliyoyataja, likakatwa vipande viwili. Changu nilikula chote. Lilikuwa bichi kidogo. Nikapangusa mdomo kwa leso, nikakaa.

Mwaringa alikishika chake. Akakishika, akakishika. Maji ya papai yakamtiririka mpaka kiwiko. Kuku wa mtu alipita katikati ya watu na hakuna aliyemfukuza.

Kiponda akasema, "Kula, Mwaringa."

"Mimi nimeokoka. Kanisa haliruhusu mambo haya."

"Wiki iliyopita ulikuwa hujaokoka?" akauliza Kabibi. Hakuna aliyecheka.

"Kula, mwanangu," nikasema. Nilimwambia kwa upole. Babake nilimzika, yeye nimembeba mgongoni. "Ulitaka papai. Kula."

Hakula. Ndipo Idah alipoinuka nyuma yake. Alitembea polepole, akakitoa kile kipande mkononi mwa mumewe, kama unavyomnyang'anya mtoto kitu kichafu. Akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo lakini wote tuliisikia:

"Mtoto alikuwa wangu. Mimi nitakula."

Akala, mbele ya Mwaringa, akimtazama. Alimaliza, akavuka uwanja, akakaa chini miguuni pangu. Watu walikuwa wanamtazama Mwaringa. Mmoja mmoja wakaanza kusogea mbali naye, kama walivyonipisha mimi kisimani.

Idah amekuja kwangu na kifurushi kimoja. Kalama ametengeneza komeo jipya la mlango na kusema atakuwa analala hapa mpaka mavuno.

Jumamosi, 13 Julai

Siku saba zimekwisha. Koo langu zima. La Idah zima. Mwenye kiraho amepita kututazama, akasema hana kazi hapa.

Jumamosi, 20 Julai

Mahindi tumevuna. Magunia matatu na nusu, na Damaris amekuja kutusaidia kuambua. Nikampelekea Fridah ujumbe kwamba kurasa zimejaa, aje azihesabu, na lori la Kilifi atafute kubwa, watu wangu wameongezeka. Kama atampeleka yule wa leso au hatampeleka, hilo nimemwachia Idah aseme.

Mchana walikuja. Kiponda mbele, shemeji zangu wawili nyuma, na Mwaringa mwisho kabisa, jembe langu mkononi. Wamekuja kumwomba mke arudi. Wakaniamkia kwa heshima zote. Nikapokea jembe. Nikawaambia mwenye kuombwa si mimi, yuko hapo barazani, ana masikio.

Idah alikuwa amekaa mkekani, koleo mkononi, na waya magotini. Ni siku ya tatu anafanya kazi yake, sijamwingilia. Kiponda alisema maneno yake mazuri. Idah akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Shikamooni wazee. Sirudi." Akaendelea kupinda waya.

Walikaa kidogo, hawakujua waondokeje, kisha wakaondoka.

Nikasogea kuona anachotengeneza. Ni mwanamume amesimama, mkono mmoja umenyooshwa mbele, umeshika kitu kidogo, kipande cha papai. Kichwa bado hana.

"Mkono huu umekaa sawasawa," nikamwambia. "Bado nini?"

"Bado woga, mama mkubwa. Nimejaribu makumbi, nimejaribu gunia. Sijui woga wake hutengenezwa kwa nini."

Nikakaa mkekani kando yake, nikaingiza mkono kwenye kapu, tukaanza kutafuta.